Kanga Kwenye Miguu ya Zuhura

Jeronimo alikuwa mtu wa aibu nyingi, na aibu ikizidi kipimo huwa ndugu wa kiburi, maana wote wawili kazi yao ni moja: kuuliza watu watasemaje. Hii ni habari yake yeye na farasi wake Zuhura, na ya siku moja ambayo watu walimshangilia barabarani mpaka sauti zikawakauka, ilhali yeye alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande uliokuwa wa Wareno, akavuka kwenye kivuko cha Kilambo angali kijana kuja kutafuta kazi ya mkonge. Watu wa huku walizitazama chale za usoni mwake wakamwita mtu wa ng'ambo, na jina hilo likamganda. Angeweza kuoa, kujenga, kuzaa na kuzikia watu, bado palikuwa na mtu wa kuuliza, "Huyu si yule wa ng'ambo?" Jeronimo alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo.

Usaisi, kazi ya kutunza farasi, aliupata kwa bahati. Shamba la mkonge lilikuwa na meneja Mgiriki, na Mgiriki alikuwa na farasi wa kuzungukia shamba. Siku moja farasi mmoja alikata kamba, akaja mbio katikati ya wakata mkonge, watu wakatawanyika kila upande. Jeronimo peke yake alibaki amesimama. Farasi akapunguza mwendo, akamjia, akamnusa shingoni. Meneja akasema huyu kijana ana moyo, kuanzia kesho atakuwa saisi. Kweli yenyewe ni kwamba Jeronimo alikuwa hajapata kumwona farasi karibu namna ile, na alisimama kwa sababu woga ulimfunga miguu. Lakini mtu akikusifu moyo, utamwambia ulikuwa ni woga? Alinyamaza, akapokea sifa pamoja na kofia ya kazi.

Farasi yule alikuwa mwanafarasi jike, wa kahawia, mwenye doa jeupe kipajini. Mgiriki alikuwa na jina lake la Kigiriki kwa ajili yake, refu, la kuvunja ulimi. Jeronimo alimwita Zuhura, na Zuhura ndilo aliloitikia.

Wakalelewa pamoja, ndivyo naweza kusema. Jeronimo alijifunza kumsugua, kumlisha, kumkata kwato na kuzilainisha kwa tupa. Naye Zuhura alijifunza kuweka kidevu chake juu ya bega la Jeronimo kila aliposimamishwa, akakiacha pale kwa uzito wake wote, akifumba macho. Miaka ikaenda. Bei ya mkonge ikaanguka, na baada ya Azimio la Arusha meneja akafunga mizigo yake. Farasi wengine walikuwa wamekwisha kufa kwa malale. Aliyebaki ni Zuhura, na meneja alikwisha kuitoa bunduki ampige risasi, kwa kuwa hapakuwa na wa kumnunua. Jeronimo alipiga magoti. Ndiyo, alipiga magoti, mbele ya wapishi na madereva, na ilikuwa mara moja tu katika maisha yake kwamba hakuuliza watu watasemaje.

"Mchukue," meneja alisema. "Atakula mshahara wako mpaka akumalize."

Hivyo ndivyo farasi alivyoingia mjini, mtaa wa Rahaleo. Jeronimo alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala la korosho, akajenga banda la makuti nyuma ya nyumba, na mtaa mzima ukaja kutazama. Walimpa jina jipya, Bwana Farasi. Lile la ng'ambo likapungua midomoni mwa watu, akaonja utamu wake. Sikukuu ya Idi watoto wa Rahaleo na wa mtaa jirani wa Magomeni walipanga mstari kupandishwa. Mkewe Deolinda alisema kwamba ameolewa ndoa ya kanisani, ya mke mmoja, lakini ukewenza umemfuata kwa mlango wa uani.

"Shukrani ya punda ni mateke," majirani walimtania Jeronimo walipomwona ametoka kazini na kwenda bandani kabla ya kuingia kwake.

"Huyu si punda," alijibu, na kwa kweli alikuwa ameudhika.

Kuchechemea kulianza kidogo kidogo. Asubuhi Zuhura alitoka bandani akiwa amekakamaa, akiukokota mguu wa mbele wa kushoto, kisha jua likipanda mguu ulilainika akatembea sawa. Jeronimo alisema ni kujikwaa. Mvua zilipokuja akasema ni baridi. Goti lilipovimba akaacha kusema, akaanza kumtoa kwa mlango wa nyuma. Na kwa huruma yake akazidisha chakula. Ulikuwa msimu wa mabibo, mabibo yamelala chini ya mikorosho hayana mwenyewe, majirani walimletea vikapu na vikapu, na Zuhura alikula mpaka mate ya manjano yakamchuruzika kifuani. Alinenepa, tumbo likawa pipa. Watu wakasema, angalia farasi wa Jeronimo alivyonawiri! Kumbe kila kapu la mabibo lilikuwa ni mzigo mwingine juu ya goti lile lile.

Deolinda ndiye aliyemwita bwana mifugo, kwa siri, kwa kuwa mumewe asingekubali. Bwana mifugo alikuwa kijana wa Newala, mpole, mwenye baiskeli. Alilishika goti, akalikunja taratibu, akaweka sikio. Jeronimo naye alisikia: sauti ya mchanga unaosagwa.

"Ni baridi yabisi ya kiungo," bwana mifugo alisema. "Ule ulaini wa ndani wa goti umekwisha, mzee wangu. Mfupa unasuguana na mfupa. Haurudi tena ule."

"Basi unataka kuniambia nimuue?"

"Sijasema hivyo. Mabibo acha. Mpunguze unene. Kila asubuhi mtembeze polepole kwenye mchanga wa maji, asikae tu bandani akakakamaa. Mkande kwa maji ya moto na chumvi. Ukiona maumivu yamezidi, aspirini kidogo, umsagie kwenye pumba. Akitunzwa hivyo ataishi, na ataishi vizuri tu." Akanyanyua baiskeli yake, kisha akageuka. "Lakini asibebe mtu tena. Hata mtoto. Siku utakayompandisha mtu, goti hili litaharibika moja kwa moja."

Jeronimo alifuata kila neno. Hapo simlaumu, na mtu asije akasema hakumpenda yule mnyama. Alfajiri alimshusha pwani maji yakiwa yametoka, wakatembea wote wawili kwenye mchanga mgumu uliolowa, mmoja akichechemea, mwingine akipunguza hatua ili wawe sawa. Alimsimamisha kwenye maji ya chumvi hadi magotini. Wakirudi alichemsha maji, akachovya matambara, akalikanda goti lile, akalipaka mafuta ya nazi yenye karafuu mpaka banda zima likanukia kama mtu anapika pilau. Tumbo lilishuka. Uvimbe ukapungua. Kuna asubuhi Zuhura alitikisa kichwa, akapiga hatua mbili tatu za kukimbia kwa raha zake, na Jeronimo akajigeuza upande kufuta macho, ingawa pwani hapakuwa na mtu wa kumwona.

Tena ndiyo sababu aliipenda alfajiri: hapakuwa na mtu. Wenye kuuliza habari za farasi aliwajibu, "Anapumzika." Idi ilipofika aliwaambia watoto kwamba Zuhura ana mafua. Bwana Farasi mwenye farasi kilema ni bwana wa nini?

Sasa dada yake Jeronimo, Carlota, alikuwa ameolewa na Issa, mkulima wa korosho na muhogo, Mwislamu, katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Kilambo. Issa alikuwa mtu mwema, lakini ulimi wake haukuwa na mlango, na kwa shemeji yake alikuwa na ruhusa ya utani usio na mwisho. Binti yao Hadija aliingizwa unyago mwaka ule. Kwa watu wa pale, kumtoa mwali ni heshima ya mjomba. Baba atalisha wageni, mama atapokea hongera, lakini watu watauliza: mjomba wake amekuja na nini?

Walikaa barazani kwa Issa kupanga sherehe, ndugu wa Issa wamejaa mkeka mzima, na upande wa Carlota yuko Jeronimo peke yake.

"Shemeji," Issa alisema, huku ameanza kucheka, "hawa ndugu zangu wananiuliza, upande wa mke wako mbona ntu mmoja? Nikawaambia, jamani, Carlota alivuka mto na kapu lake kichwani. Wengine walishindwa nauli ya mtumbwi!"

Watu wakaangua kicheko. Carlota naye alicheka, kwa kuwa utani haukasirikiwi, lakini aliinamisha kichwa, na kaka yake aliliona hilo. Dada mtu alikuwa amevumilia neno lile miaka mingi, sasa linasemwa siku ya mwanawe.

"Hadija atatoka juu ya farasi," Jeronimo alisema.

Kicheko kikakatika.

"Farasi mzima?" akauliza mzee mmoja.

"Farasi mzima. Hapajatoka mwali namna hiyo tangu mto huu uanze kutiririka."

Wakashangilia! Issa akamshika mkono, akautikisa. Carlota akainua uso, na Jeronimo akaona kitu ambacho hakukiona tangu walipokuwa watoto, dada yake anamtazama kwa kujivunia. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, nalo halikuwa la kurudi.

Deolinda aliposikia aliacha kula mpaka chakula kikapoa.

"Baba Francisco," alisema mwishowe, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "nenda kawaambie farasi ana mguu. Shemeji yako atakutania mwezi mmoja, kisha atachoka. Msichana atabebwa mabegani kama walivyobebwa wenzake. Si ndivyo wanavyotoka siku zote?"

"Wataona nilikuwa najitapa."

"Si ulikuwa unajitapa kweli?"

Jeronimo akasukuma sahani. "Amepona yule. Hujamwona pwani?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Deolinda alisema, akaondoa vyombo. Hakulisema tena. Alikuwa mwanamke wa kusema mara moja, na nadhani hapo alikosea kidogo, maana mume kama Jeronimo alihitaji kuambiwa mara nyingi.

Siku zile za mwisho alizidisha kila kitu. Alikanda asubuhi, akakanda jioni. Akamwongoza mpaka kijijini kwa Issa mapema, polepole, wakilala njiani kwa jamaa, ili Zuhura apate kupumzika kabla ya shughuli. Na asubuhi yenyewe ya mwali kutolewa, akiwa peke yake nyuma ya banda la muhogo, alisaga aspirini nyingi kuliko alivyoagizwa, akazichanganya na sukari guru, akamlambisha kiganjani. Zuhura alilamba mpaka kiganja kikawa kikavu. Alikuwa akiamini chochote kilichotoka kwenye kile kiganja.

Kisha akatoa kanga. Alikuwa amezichukua kwenye sanduku la Deolinda, doti mbili nzuri, nyekundu na nyeusi, akazipasua vipande. Goti la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba tena kwa ule mwendo wa kuja. Akalifunga, likafichika. Akatazama. Mguu mmoja uliofungwa ungeuliza maswali. Basi akaifunga yote minne, kwa mafundo yanayofanana, ili ule mmoja usijulikane.

Alipomtoa uani, wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. "Tazameni Bwana Farasi alivyompamba!" walisema. Wakamshika Zuhura miguu, wakazisifu kanga. Jeronimo alisimama na kofia yake ya usaisi, akitabasamu kwa meno tu.

Walimleta Hadija kutoka kwenye kibanda cha unyago amefunikwa kichwa, macho chini, mafuta yanamng'aa mikononi. Kungwi wake, Bibi Halima, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza jeshi. Masharti alikuwa ameyataja mapema. Mguu wa mwali haugusi ardhi mpaka uwekwe kwenye mkeka, mlangoni kwa mama yake. Na mwali hasemi. Kinywa chake kitafunguliwa pale pale mkekani, kwa zawadi, na wa kwanza kumfungua ni mjomba.

Wakampandisha. Zuhura alijikaza, akahema, akasimama sawa. Ngoma zikaanza, na hapo likatokea jambo ambalo lilimponza Jeronimo: yule mnyama aliinua shingo, akasimamisha masikio, akaenda. Akaenda vizuri! Maumivu yamelazwa na aspirini, ngoma zimemwamsha, alikanyaga barabara kama enzi za Mgiriki. Vumbi likapanda, akina mama wakaimba jina la Jeronimo, na watu wa mashambani wakatoka kwenye mikorosho na majembe yao mikononi kuja kushangaa. Issa alitembea kando akisema kwa kila anayekutana naye, "Huyo shemeji yangu! Huyo ni mjomba wa binti yangu!" Jeronimo alishika hatamu, kifua mbele. Kwa muda ule hakuwa mtu wa ng'ambo. Nadhani alisahau kabisa goti.

Njia ilishuka bondeni, ikaanza kupanda. Udongo wa pale ni mwekundu na mgumu, hauna mchanga hata kidogo. Hapo ndipo aliposikia sauti ndogo juu yake.

"Mjomba."

Alidhani amesikia vibaya. Hakugeuka.

"Mjomba, anatetemeka. Namsikia miguuni mwangu. Anaumia."

Hadija hakuinua uso, wala midomo haikuonekana kutikisika chini ya nguo. Kwa zile ngoma, hapana mwingine aliyeweza kumsikia. Jeronimo alipitisha mkono kwenye shingo ya Zuhura, ukarudi umelowa jasho baridi. Alijua. Tangu hapo mtu asiseme hakujua. Angeinua mkono tu, ngoma zingenyamaza, angesema farasi amechoka, basi. Lakini mbele yake kulikuwa na Issa, na ndugu wa Issa, na Carlota anayecheza huku analia kwa furaha.

"Nyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Mwali hasemi."

Hadija akanyamaza.

Walipanda kidogo zaidi, kisha Zuhura akasimama. Jeronimo akavuta hatamu. Zuhura akamtazama, hakwenda. Waimbaji wa nyuma wakaanza kuwagonga wa mbele, mtu akauliza kuna nini, na Issa naye, Issa yule yule, akacheka: "Shemeji, farasi wako naye anataka zawadi ndipo aende?"

Watu wakacheka. Jeronimo akakata kijiti cha mkorosho kando ya njia, akampiga.

Hakuwa amempiga tangu amjue, hata siku moja. Zuhura hakuruka wala hakupiga teke. Alipiga hatua, kwa kuwa ndiye aliyemwomba, akapiga nyingine, na katika hiyo goti likatoa mlio ambao hata wapiga ngoma waliusikia. Kanga ikafunguka, ikashuka mpaka kwatoni. Goti lilikuwa limevimba kama boga, limegeuka upande. Naye akasimama kwa miguu mitatu, huo wa nne ukining'inia, akitetemeka mwili mzima, lakini mgongo ameushikilia sawa asimwangushe msichana.

Ngoma zikakatika.

"Jiwe," Jeronimo alisema. Alisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. "Amekanyaga jiwe. Bahati mbaya."

"Pole," watu wakasema. "Pole sana, Bwana Farasi."

"Mwali hashuki chini!" Bibi Halima alipiga kelele.

Basi Jeronimo akageuza mgongo, akainama, na Hadija akashushwa juu ya mabega yake. Akanyanyuka naye. Na kwa hofu ya kutazamwa usoni alianza kupanda kilima upesi, nusu anakimbia. Watu wakaliona hilo tofauti. Waliona mjomba ambaye farasi wake ameumia na hakupoteza hata dakika, ambaye amembeba mwali na kupanda naye mlima mwenyewe katika umri wake. Ngoma zikalipuka. Wimbo ukatungwa hapo hapo, kwamba wengine wana farasi, Hadija ana mjomba. Carlota alishika ncha ya shati lake akatembea naye. Walimshangilia mpaka mlangoni, na kila shangwe ilimwangukia kama maji ya moto. Begani alimsikia msichana mzito, kimya, ameinyoosha mbele miguu yake yote miwili ili isimguse kifuani.

Mkekani, Bibi Halima alitaka mjomba amfungue mwali kinywa. Jeronimo akaweka bangili za fedha.

Hadija hakusema.

Watu walifurahi, maana mwali mwenye akili hafunguki upesi. "Mwali ana thamani huyu! Mjomba, ongeza!" Akaongeza kitambaa cha gauni. Kimya. Akavua kofia ile ya usaisi, kitu pekee alichotoka nacho kwenye shamba la mkonge mbali na Zuhura, akaiweka juu ya kitambaa. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Hadija aliitazama kofia. Kisha, kwa mara ya kwanza, aliinua macho akamtazama mjomba wake, si kwa hasira, bali kama mtu anayesubiri. Jeronimo akatazama mkeka. Ilibidi Bibi Halima amwite Issa, na baba mtu alipoweka shilingi moja tu, Hadija alisema, "Shikamoo, baba," na vigelegele vikafunika kila kitu.

Jeronimo hakula ubwabwa wa shughuli ile. Alirudi barabarani.

Zuhura alikuwa pale pale walipomwacha, juani, hatamu imelala chini. Watu walikuwa wamempita kwenda karamuni. Hakujaribu kwenda mahali, kwa sababu alifundishwa kwamba hatamu ikiachiwa chini asubiri. Alipomwona Jeronimo alisimamisha masikio, akanguruma kooni kwa ule mngurumo wake mdogo wa asubuhi. Jeronimo alizifungua kanga zilizobaki, mguu mmoja baada ya mwingine, akazitupa majanini. Hapo alilia, kwa sauti.

Kurudi Rahaleo hakukuwezekana. Alijenga kibanda cha makuti kando ya njia, karibu na pale pale kilimani, akamchimbia Zuhura mahali palaini na kupajaza mchanga alioubeba kwa kapu kutoka bondeni. Kazi ya ghala ikamponyoka. Deolinda alikuja na sufuria na chumvi, akaona vipande vya kanga zake vimetupwa majanini, akavifua, akavikata matambara ya kukandia. Goti halikupona, ila maumivu yalitulia, na Zuhura akajifunza kuzunguka kibanda kwa miguu yake mitatu na nusu. Kila aliyekwenda Kilambo au kurudi aliwaona. "Pole, Bwana Farasi," walisema. "Jiwe lile lilikuwa na shetani." Na wengine waliuonyesha wageni mlima, wakawasimulia habari za mjomba aliyebeba mwali. Jeronimo aliitikia pole zao akiwa ameinama.

Mvua za kwanza zilipoanza, Hadija alikuja. Siku zake za mwali zilikuwa zimekwisha, anafunga kanga kama mwanamke, ndoo ya maji kichwani. Aliitua, akamnywesha Zuhura, akamkuna kwenye doa jeupe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Aliendelea kumkuna farasi. Jeronimo alikuwa na tambara mkononi, maji ya chumvi yanampoa. Alijua hatapata siku nyingine yenye nafasi kama hii.

"Uliniambia," alisema. "Siku ile. Uliniambia anaumia."

Hadija alimpangusa Zuhura maji mdomoni.

"Kwa nini hukupaza sauti?" Jeronimo akauliza, na neno lilipomtoka alijisikia bado anatafuta mtu wa kumsaidia kuubeba mzigo, akaona haya mapya juu ya yale ya zamani. "Ungepaza sauti watu wote wakasikia, ningemsimamisha."

Msichana alichukua ndoo yake tupu. Alizungusha kata ya nguo, akaiweka kichwani, na alisema bila ukali, kwa heshima ile ile anayofunzwa mtoto kusema na wakubwa.

"Mwali hasemi, mjomba. Wewe mwenyewe uliniambia."

Akashuka bondeni. Jeronimo alichovya tambara, akalikamua, akaanza kulikanda goti, akiwa ameinamisha uso hadi nyayo za msichana zisisikike tena. Zuhura akaweka kidevu juu ya bega lake, pale pale alipokaa mwali, akakiacha kwa uzito wake wote, akafumba macho.